Moto Uliolala Katika Damu

Jani la mgomba halitandikwi kitandani hivi hivi. Durvalina alichagua lile lililofunguka juzi, lingali laini, akalipitisha juu ya makaa hadi likalegea na kung'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Kisha aliutoa uti wake wa kati kwa kisu kidogo chenye mpini wa pembe. Upande unaong'aa ndio uliotazama juu. Shuka la pamba, hata lifuliwe vipi, humnyang'anya mgonjwa wa moto wa porini, ule ugonjwa wa malengelenge, ngozi yake kila anapogeuka. Jani humwachia.

Kazi hiyo naijua kwa sababu mashuka nilikuwa nayafua mimi. Kwa miaka ishirini na miwili Durvalina alikuwa kwenye chumba cha kuogeshea na mimi chumba cha kufulia, ukuta mmoja kati yetu, tukipigiana kelele kupitia dirisha la juu. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na kucha zake zilikuwa za kahawia daima, kwa sababu ya ile dawa ya zambarau tunayochanganya kwenye maji ya kuogea. Ukichovya mkono humo leo, kesho umeshageuka kahawia. Yeye aliichovya mikono yake humo kila siku ya Mungu.

Hospitali yetu iko juu ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali, nayo ilijengwa kwa ajili ya ugonjwa huo mmoja. Wagonjwa walitoka vijiji vya kando ya vijito, kwenye nyumba za udongo na makuti, kule ambako usubi huuma kuanzia alfajiri. Walifika wamejaa malengelenge na magamba kuanzia utosini hadi kiunoni, wakinuka, wakitetemeka kwa baridi mchana wa jua kali. Na karibu wote walifika wakiwa wamefukuzwa mahali.

Durvalina naye alifika hivyo, mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja, akiwa na miaka kumi na tisa, nyuma ya lori la ng'ombe. Dereva alikataa asikae mbele.

Kwao ni kijiji cha Buriti Torto, na Buriti Torto huishi kwa wanga wa muhogo. Muhogo hukunwa, hukamuliwa, maji yake huachwa yatuame, na ule weupe unaobaki chini hutandazwa kwenye vichanja juu ya nguo nyeupe. Jua ndilo linalomaliza kila kazi kule. Kwa hiyo malengelenge ya kwanza yalipomtoka usoni na kifuani, mama yake alifanya lile alilolijua: alimlaza kwenye kichanja, katikati ya wanga, akauke. Hakuna aliyewaambia kwamba moto huu hulipenda jua. Siku ya nne mgongo mzima ulikuwa umefunguka.

Alikuwa na mdogo wake, Olimpia, mtoto wa miaka saba. Durvalina ndiye aliyempakata siku padri alipopita kubatiza, akiwa mwenyewe msichana wa miaka kumi na miwili, hivyo alikuwa dada yake na pia mama yake wa ubatizo. Kila asubuhi mtoto alimjia na macho ya usingizi, akaushika mkono wake, akaubusu. "Naomba baraka, mama wa ubatizo." Na yeye: "Mungu akubariki, mdogo wangu." Ndivyo siku inavyofunguliwa kwetu, hata leo. Siku isiyofunguliwa hivyo ni kama nyumba iliyolala wazi.

Moto ulipoanza, mama yao alimpiga Olimpia kofi mdomoni alipotaka kuubusu mkono ule. Baba alijenga kibanda ng'ambo ya kijito, akachoma godoro, akapaka nyumba chokaa. Olimpia akawa anakuja ukingoni kila asubuhi na kuirusha salamu juu ya maji: "Naomba barakaaa!" Durvalina alijikokota hadi mlangoni, akainua mkono uliochubuka, akajibu. Siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mtoto hakuja. Kama alikatazwa au aliogopa mwenyewe, Durvalina hakujua, na alikuwa akiniambia kupitia dirisha la juu, huku maji yakimwagika, kwamba asubuhi ile iliuma kuliko ngozi.

Hospitalini walimpa maji ya zambarau na vidonge vya kotisoni. Moto ulishuka, ukarudi, ukashuka tena. Alipotimiza miaka ishirini na miwili ulizimika. Sista mkuu alimwuliza atakwenda wapi. Akasema, "Naona beseni lile halina mtu." Hakuondoka tena.

Akawa mwogeshaji, na katika kuogesha akawa mjuzi. Mgonjwa mpya akiletwa, alimbonyeza begani kwa kidole gumba, mahali palipoonekana pazima, akasukuma kidogo. Ngozi ya juu ikiteleza kama utando wa maziwa yaliyopoa, alisema, "Sasa nifungulie mdomo, mpenzi." Mdomo ukiwa safi, aliitikia kwa kichwa: huu ni moto wetu. Ukiwa na vidonda, alimwita daktari mbio, kwa maana huo ni ndugu yake mkali zaidi. Madaktari walikata kipande cha ngozi na kukipeleka kupimwa, na karatasi ikarudi baada ya wiki ikisema alichokwisha kusema yeye.

Hivyo alizeeka. Alipofika miaka hamsini na sita, akaja Daktari Noemi.

Huyu alikuwa mwanamke mwembamba kutoka mji mkuu wa jimbo, mlaji wa muhogo wa kukaanga, na alikuja na hadubini ya taa ya pekee, ambayo aliifungia chumba chenye mapazia meusi. Hakutaka kutibu tu. Alitaka kujua. Mwezi wake wa pili alitoka kwenye kile chumba, akasimama mlangoni pa bafu.

"Dona Durvalina, njoo umwone adui yako."

"Nimemwosha miaka thelathini na minne, binti yangu. Nikamwone tena?"

"Njoo bwana. Muda wa kahawa moja."

Tulikwenda wote wawili, mimi kwa udaku. Durvalina aliinamisha jicho. Kwanza hakuona kitu, akalalamika. Kisha akaacha kulalamika, akaing'ang'ania hadubini hadi nikamvuta sare. Nilipopewa zamu niliona gizani wavu wa kijani unaong'aa, tundu kwa tundu, kama sega la nyuki lililomulikwa kutoka ndani. Kila chembe ya ngozi ilizungushiwa uzi wa mwanga.

"Huu ndio moto wenyewe?" Durvalina aliuliza.

"Ndio wenyewe. Ile mistari ni askari wa damu ya mgonjwa, wamejipanga kwenye gundi inayoshikanisha chembe za ngozi. Wanaifungua."

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mbona ni mzuri hivi?"

Tulikunywa kahawa tumeketi kwenye masanduku. Daktari alituambia kwamba damu ya kila mtu ina askari wa kupigana na wageni, na kwamba kazi ngumu zaidi kwao si kupigana. Kazi ngumu ni kumtambua mwenye nyumba na kumwacha. Pengine, alisema, usubi wa vijitoni huacha mate yanayofanana kidogo na ile gundi. Askari hujifunza kuyakamata mate, kisha humgeukia mwenyewe.

"Kama mbwa wa Seu Belarmino," akasema Durvalina. Belarmino alikuwa dereva wa hospitali; kwetu mwanamume huitwa Seu kwa heshima, kama mwanamke anavyoitwa Dona. "Alimng'ata bwana wake kwa sababu shati lilinuka ng'ombe wa jirani."

"Hivyo hivyo. Lakini huyo mbwa alifundishwa. Hapa," Daktari akagusa mfupa wa kifua chake, "nyuma ya mfupa huu kuna tezi ndogo. Ndiyo shule ya baadhi ya hao askari, wale wakubwa wanaowaamuru wenzao. Wanaonyeshwa vitu vya nyumbani, vya ngozi, vya moyo, vya jicho. Anayeonyesha meno kwa kitu cha nyumbani haruhusiwi kutoka hai. Wapo wanaoponyoka, daima wapo. Kwa hiyo huko nje wanafuatwa na wenzao ambao kazi yao yote ni kuwaambia, tulia, tulia."

"Kila siku?"

"Kila siku, tangu tumboni mwa mama yako."

"Hata sasa hivi, ninavyokunywa kahawa?"

"Hata sasa hivi."

Durvalina aliweka kiganja kifuani, kucha zake za kahawia juu ya sare nyeupe, na akakaa hivyo. Kahawa ilipoa. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Hatimaye akasema, "Basi cha ajabu si kwamba mimi niliungua. Cha ajabu ni kwamba nyie wengine hamuungui."

Daktari alimtazama kama mtu aliyeibiwa neno lake. Hilo hasa, alisema, ndilo lililomleta. Alitaka kupima damu ya watu wazima wa afya vijijini, aone kuna nini ndani ya wale wasiougua. Ruhusa ya Buriti Torto ilikuwa mezani kwake tangu Pasaka. Alingoja mvua ziishe.

Hazikungojwa. Ijumaa ile Belarmino alirudi kutoka kununua wanga, akasimama bafuni akizungusha kofia mikononi. Kwa kawaida huingia na mzaha, humwita Durvalina bibi harusi wangu wa zambarau. Siku hiyo hakumwita chochote.

"Sitaki kuwa bundi, Dona Durva."

"Sema."

"Nimemwona msichana kwenye kichanja. Ameanikwa pamoja na wanga."

"Msichana wa nani?"

"Wa mdogo wako. Rosilda, yule wa miaka kumi na sita. Mgongo wake... Nilinunua magunia mawili nikaondoka, sikuweza kungoja chenji."

Durvalina alimaliza kumwosha aliyekuwa mkononi, akamkausha kwa kumgusagusa, akamlaza kwenye jani. Kisha akaenda kwa Daktari na mikono inachuruzika.

"Kesho," alisema.

"Kesho ni Jumamosi, Dona Durvalina."

"Kesho. Akiachwa juani wiki nyingine, vidonda vitaingia wadudu, na wadudu wakiingia damuni hutamkuta. Nimeshawafumba macho wengi wa namna hiyo."

Niliruhusiwa kwenda nao kubeba masanduku. Buriti Torto ni mwendo wa saa tatu kwa gari, barabara ya udongo mwekundu. Durvalina alivaa gauni la Noeli. Tukafika kijitoni. Pale akamwambia Belarmino asimame. Ng'ambo hapakuwa na kibanda tena. Palikuwa na migomba.

Olimpia tulimkuta uani, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mweupe wa wanga hadi viwikoni, anavunja mabonge kwa vidole. Mumewe alikuwa amekwenda kukata miwa na vibarua wengine, harudi mpaka mwisho wa mavuno. Safu ya vichanja ilikata ua katikati. Kwenye kichanja cha mwisho, juu ya nguo nyeupe, alilala msichana kifudifudi, mgongo wazi.

Dada wawili walitazamana. Miaka thelathini na saba.

"Umenenepa," Olimpia alisema.

"Na wewe umezeeka."

"Usivuke hapo."

"Sivuki. Mtoe mtoto juani, Olimpia."

"Ni upele wa joto huo. Unakauka."

"Nami nilikaukaje? Ulikuwepo."

"Nilikuwepo!" Sauti ikapanda, jirani mmoja akatokeza dirishani. "Nilikuwepo godoro likichomwa kwa ajili yako. Nilikuwepo watu wakikataa kununua wanga wetu mwaka mzima, wanasema una magamba yako ndani. Mama amekufa akisugua kuta hizi. Nyumba hii ni safi. Damu ya nyumba hii ni safi. Ukiingia wewe tu, kesho watasema umerudi nao."

"Mama," msichana alisema kutoka kwenye kichanja, bila kuinua kichwa. "Mama, naungua."

Daktari ndiye aliyesogea, na sanduku lake, akaeleza kwa upole anachokitaka: damu kidogo, ya anayependa, asiyependa basi. Olimpia alimsikiliza akiwa amekaza taya. Ghafla akanyoosha mkono wake mweupe juu ya kichanja.

"Chukua. Chukua chupa nzima. Ukikuta humo kitu kama chake huyu, nitamleta binti yangu hospitalini kwenu kwa mikono yangu. Usipokikuta, huyu asikanyage tena hapa. Mbele ya majirani nasema."

"Dona Olimpia, kipimo hiki hakikuwekwa kwa ajili ya dau. Na binti yako hawezi..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo," Durvalina alisema. "Lakini mpaka majibu yaje, alale ndani kivulini."

Olimpia alisita. Kisha akashika pembe mbili za ile nguo nyeupe, jirani wa dirishani akaja kushika mbili nyingine, wakamwingiza jikoni. Msichana alipopitishwa mbele yetu, Durvalina alimwita kutoka upande wake wa ua.

"Rosilda! Nifungulie mdomo, mpenzi."

Aliufungua. Ulikuwa safi.

Watu arobaini na mmoja walitoa damu siku ile. Njiani Daktari alikuwa amekasirika.

"Umeweka maisha ya mtoto juu ya kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui. Ni mwanamke mwenye afya! Naweza kukuta damu yake safi kama maji."

"Asingemtoa juani kwa neno langu. Kwa dau amemtoa."

"Na nikikuta safi?"

Durvalina alilinyoosha gauni lake la Noeli magotini.

"Mimi," Belarmino alisema akikwepa shimo, "ningeweka pesa zangu kwenye bahati nasibu ya wanyama, mara mia, kabla ya kuweka hapo. Angalau kule kila namba ina mnyama wake, na mamba namjua."

Kipimo kilichukua siku tatu. Hakikuwa cha hadubini, kwani kwa watu wasioungua hadubini haingeona kitu; kilikuwa kibao cha plastiki chenye vishimo vidogo, kila kishimo tone la mtu mmoja, na chini ya kishimo Daktari alikuwa ameweka ile gundi ya ngozi iliyotengenezwa maabara. Kama damu ina askari wa kuishika, maji hugeuka manjano. Kwa kulinganisha aliongeza damu ya Belarmino, aliyezaliwa mjini, na ya Durvalina mwenyewe. Tuliitwa tulipokuwa tunakula. Tulikwenda na vijiko mkononi.

Maji ya kipimo yalitiwa vishimoni. Tukangoja. Kishimo cha Belarmino kilibaki cheupe.

"Mnaona? Damu ya malaika."

"Damu ya mtu wa lami," nikamwambia.

Kisha pembeni, kimoja, kikaanza kupata rangi, hafifu, kama chai ya kwanza. Kikafuata kingine. Kikafuata kingine. Nilidhani nitaona viwili vitatu. Manjano ilitembea kwenye kibao kama jua linavyopanda uwanjani, kishimo kwa kishimo, hadi zaidi ya nusu ya Buriti Torto iliwaka: wanaume waliokuwa wamerudi kutoka shambani wanaimba, mama mwenye mapacha, mzee wa miaka themanini ambaye hajawahi kuota hata jipu. Cha Olimpia kilikuwa cha rangi ya kiini cha yai.

Na cha Durvalina pia.

"Lakini mimi nilipona," alisema.

"Umepona."

"Mbona ninao?"

Daktari alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni. Baadaye alituchorea kwenye karatasi ya mkate. Chora chembe mbili za ngozi kama watu wawili walioshikana mikono. Kwa wenye afya wa Buriti Torto, na kwako sasa, askari wamemshika yule mtu kifundo cha mguu. Hawamwumizi, mikono inaendelea kushikana. Kwa anayeungua, askari wamepanda hadi viganjani, wamevibandua. Kwa nini kwa mmoja wanapanda na kwa mwingine wanabaki mguuni miaka themanini, alisema, hajui. Wapo wanaozaliwa na damu inayopanda kwa urahisi zaidi. Wapo waliong'atwa zaidi. Baada ya hapo ni giza.

Nilitarajia Durvalina ashangilie. Dau lilikuwa lake. Alisimama juu ya kile kibao, hakukigusa, na macho yake yalijaa.

"Kijiji kizima," alisema. "Wote wameulaza moto huu. Wanalima, wanaoa, wanagombana juu ya nguruwe, na wote wameulaza ndani hivyo, na hakuna hata mmoja anayejua amefanya kazi kubwa kiasi gani."

Jumatano tulirudi. Daktari alimpeleka Olimpia nyuma ya nyumba wakiwa wawili tu, kwa kuwa damu ni ya mwenyewe na majibu ni yake. Walikaa muda mrefu. Tulisikia kuni zikipasuka kwenye tanuri la kuokea biskuti za wanga. Olimpia alipotoka alikuwa amejishika mwenyewe mikono, kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa.

"Ninao," alimwambia dada yake, kutoka ng'ambo ya vichanja.

"Majibu yangu nayajua. Yako ni yako kusema."

"Nasema. Ninao." Alitazama mlango wa jikoni. "Basi mimi ndiye niliyempa."

"Hakuna aliyempa," Daktari alisema. "Hauambukizi, Dona Olimpia. Haukuambukiza hata siku moja. Si kwa mkono, si kwa godoro, si kwa wanga."

Hilo la godoro lilimfanya Olimpia afumbe macho.

"Na mimi bado ninao," Durvalina alisema. "Uko kwenye kile kibao karibu na wako, rangi moja. Ungetuchanganya."

"Mbona mimi sijaungua, dada?"

Lilikuwa neno la kwanza la udada tulilolisikia. Durvalina alimtazama Daktari, Daktari akamwachia yeye.

"Kwa sababu ndani yako kuna kitu kinawazuia. Tangu ulipokuwa mtoto. Ukilala kinawazuia, ukinitukana kinawazuia. Hata madaktari hawajakijua vizuri. Ungekiona, Olimpia, ungekipigia magoti."

Olimpia aliigeuza mikono yake, juu chini, juu chini, nyeupe ya wanga, mizima, na kuitazama kana kwamba mtu amempa sasa hivi. Upepo ulipeperusha unga kidogo kutoka kwenye vichanja. Kisha akakisukuma kichanja kimoja kando, ukapatikana mlango.

"Ingia," alisema. "Mshike miguu. Mimi nitamshika kichwa."

Durvalina hakuanza na miguu. Alimtuma Belarmino akate jani ng'ambo ya kijito, palipokuwa na kibanda chake, yeye mwenyewe akalilegeza kwenye tanuri la wanga la mama yake, akautoa uti. Rosilda alisafiri saa tatu juu ya jani hilo, na alipofika tulilibandua bila kipande kimoja cha ngozi juu yake.

Daktari alianza na dawa ya minyoo, maana vidonge vya moto hulegeza askari wote, wabaya na wazuri, na minyoo ya vijitoni hutumia nafasi hiyo. Ndipo vikaja vidonge vyenyewe, vingi, kila asubuhi. Wiki ya pili malengelenge mapya yaliacha kutoka. Wiki ya nne uso wa msichana ulikuwa umevimba, akakiomba kioo, akalia.

"Uso wangu umekuwa mkate, mama mkubwa. Vidonge sivimezi tena."

"Mkate huliwa, mwanangu. Uvimbe utashuka vidonge vitakapopunguzwa, taratibu, miezi. Ukiviacha ghafla moto utarudi, na mwili nao utashindwa kusimama. Meza. Nitazame nikimeza mate, meza na mimi."

Alimeza. Mama yake alikuwa bado hajaja kumwona. Jumapili ya kwanza hakuja, wala ya pili, wala ya tatu. Belarmino, ambaye alipita Buriti Torto kununua wanga, alisema wateja walipungua na Olimpia anauza kwa hasara, na watu wanamwuliza amempeleka wapi msichana, naye hajibu. Durvalina aliuliza kila Jumapili kama basi limefika, akijifanya anaulizia sabuni.

Jumapili ya sita nilikuwa bafuni nimeleta mashuka. Rosilda alikuwa ndani ya beseni, mgongo wake umefunga, wa waridi kama ndani ya kinywa, na Durvalina alikuwa amezamisha mikono hadi viwikoni katika maji ya zambarau. Olimpia alisimama mlangoni na kopo la biskuti za wanga limefungwa kwa kitambaa. Alimtazama binti yake, mgongo, mabega, uso wa mkate. Akaweka kopo chini.

Akaja hadi kwenye beseni.

"Naomba baraka, mama wa ubatizo."

Waogeshaji wote walisimamisha maji. Durvalina alitafuta taulo kwa macho.

"Ngoja nifute mkono. Umelowa dawa."

"Usifute."

Aliushika ule mkono wa kahawia, ukichuruzika, akaubusu, na akaubakiza mdomoni muda mrefu kuliko desturi inavyotaka, kana kwamba analipia asubuhi nyingi kwa pamoja.

"Mungu akubariki, mdogo wangu," Durvalina alisema.

Alipoinua uso, midomo ya Olimpia ilikuwa imeanza kushika ile rangi ya kahawia. Rosilda alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, maji yakaruka.

"Mama! Umekula nini?"

Nilikimbia kuleta kipande cha ndimu, maana ndimu huiondoa ile rangi ukiwahi. Olimpia aliuzuia mkono wangu.

"Iache," alisema. "Basi la saa tisa linasimama katikati ya Buriti Torto, na leo ni Jumapili. Watakuwepo wote."